Jinsi ya kutumia barakoa janja inayosoma pumzi

Kabla hujaivaa, hebu pumulia kioo cha simu uone ule ukungu. Hayo maji ndo barakoa inayatafuta, ndani kuna jeli yenye maji inapoza sehemu moja mvuke ugeuke matone, alafu vijifereji vyembamba kama unywele vinayavuta mpaka kwenye sensa bila pampu yoyote, ujanja ule ule mmea unaotumia kupandisha maji toka kwenye mizizi. Ile ya Caltech, chuo cha Marekani, ya 2024 inapima naitraiti (kemikali inayoonyesha njia ya hewa imevimba) kwa wenye pumu, amoniamu (taka inayozidi figo zikidhoofu) kwa wenye shida ya figo, hadi pombe.

Sasa, sukutua kwa maji matupu, sio dawa ya mdomo maana nyingine zina pombe na utaonekana umelewa wakati hujanywa. Kama umetoka kula mboga za majani subiri kwanza, bakteria wa mdomoni wanatengeneza naitraiti humo humo. Bana waya wa puani, hewa isivuje. Pumua kawaida tu, usipulize kama unazima mshumaa. Pima saa ile ile kila siku, namba moja peke yake haisemi kitu, na dawa usiache mpaka daktari aseme.