Kabla Hujaidaka Safari ya Mwenzako

Madereva wa teksi za mtandaoni Nairobi tumezoea kupeana kazi. Mmoja amekwama Rongai, mteja wake yuko Kilimani na saa inakimbia, basi anairusha safari kwenye kikundi cha simu na aliye karibu anaidaka. Sina neno na ushirikiano huo. Ila kabla hujaandika "niko hapa, nipe", jikague kwanza.

Leseni iwe hai na ya daraja linaloruhusu kubeba abiria kwa malipo. Beji ya PSV, yaani ya dereva wa gari la abiria wa kulipa, iwe haijaisha muda. Cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi, kisiwe cha zamani za kale. Gari la abiria hukaguliwa kila mwaka, hata likiwa bado linang'aa. Hayo hayahitaji hadithi. Ukishikwa bila hayo na trafiki, usinipigie simu.

Bima ndiyo inayowamaliza watu.

Kijana mmoja tunayeegesha naye alidaka safari ya alfajiri, Kilimani hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Gari lake lilikuwa gereji, akaazima Vitz ya shemeji yake. Shemeji ni mwalimu, na gari lake ni la shuleni na kanisani, bima yake ya matumizi binafsi. Kwenye Mombasa Road, karibu na Bellevue, lori lililokuwa mbele likafunga breki ghafla. Kijana alitoka na michubuko, lakini mama aliyeketi nyuma alivunjika mguu.

Sasa fuata mlolongo. Kampuni yenye programu ilifungua rekodi zake ikakuta safari imeandikwa jina la dereva mwingine na gari jingine, ambalo asubuhi hiyo halikuwa limetoka Rongai. Bima ya gari hilo ikasema, kwa haki kabisa, kwamba gari lao halijagongana na kitu. Bima ya Vitz iliuliza swali moja tu: abiria alikuwa analipa? Alikuwa analipa, na dai likakataliwa. Wakili wa yule mama wala hakuhangaika na aliyeirusha safari kikundini. Aliwashtaki aliyeshika usukani na mwenye gari, yaani mwalimu aliyekuwa kitandani kwake. Wakapatana nje ya mahakama, na ploti ya Kitengela ikauzwa. Mashemeji hao hawaketi meza moja hadi leo. Aliyerusha safari bado yumo kikundini, na bado anarusha.

Kwa hiyo gari lolote unaloingia kufanyia kazi, soma cheti chake cha bima mwenyewe. Usikubali kuambiwa "ina bima kubwa". Bima kubwa ya gari binafsi, ile inayofidia hata gari lenyewe, haiwi ya PSV kwa sababu ya ukubwa wake. Za PSV nyingi hulipiwa mwezi kwa mwezi, kwa hivyo tazama tarehe ya mwisho, si rangi ya karatasi. Na hata kila kitu kikiwa sawa, sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu aliyeumia. Kinachozidi hapo mnadaiwa nyinyi.

Kama lazima upokee kazi ya mwenzako, aifute na mteja aombe upya, au kampuni iihamishie kwa jina lako na namba ya gari lako. Ni dakika chache za usumbufu. Mteja akikataa kungoja, aende na mwingine.

Mwulize pia anayegawa kazi ana leseni gani ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kanuni za 2022, zile zilizoweka ukomo wa kamisheni kuwa asilimia 18, zimeandikiwa kampuni zenye leseni. Bwana wa kikundi anayekukata robo ya nauli kupitia M-Pesa hayumo humo, na siku ya balaa simu yake huwa imezimwa.

Saa nazo. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Kuzima programu moja na kuwasha nyingine hakuanzishi hesabu upya, ingawa wengi wetu tunajifanya hatujui.

Namba ya simu ya mteja na nyumba anayoishi visibandikwe kikundini mbele ya watu wasiojulikana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mtumie anayekwenda peke yake.

Ritani ya kodi ya KRA iwe imeingia kufikia tarehe 30 Juni, na safari za kupewa ni mapato kama nyingine.

Mengine unayajua: tairi, mikanda, taa ya breki. Usimwachie mtu akaunti yako hata akiwa ndugu. Usiendeshe gari ambalo mwenyewe hapokei simu. Na ukiambiwa hakuna abiria, kuna kifurushi tu cha kupeleka Eastleigh, mwambie akifungue ukione, la sivyo akipeleke mwenyewe.