Kwenda Ziwa Ngosi Mbeya bila kuambulia ukungu tu

Watu wengi wanapanda Ngosi wanafika juu wanakuta shimo lote la volkano lenye ziwa limejaa ukungu mweupe, wanapiga selfi zao wanashuka, wakirudi mjini wanasema hakuna kitu kule. Jamani ziwa lipo na ni zuri mno, ila muda wa kufika na uvumilivu ndo vinaamua kama utaliona.

Nenda kuanzia Juni mpaka Oktoba, miezi ya kiangazi. Rungwe, wilaya iliko Ngosi, ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi sana Tanzania, so ukienda Machi au Aprili ile njia ni utelezi mtupu. Na toka Mbeya alfajiri, sio saa nne ndo bado unatafuta chai.

Usafiri hausumbui, panda gari za Tukuyu au Kyela, ukipita Uyole mnaanza kupanda milima ya Uporoto, mwambie konda akushushe Mchangani, njia ya Ngosi, ni kama kilomita 35 hivi kutoka Mbeya mjini. Hapo chukua boda, patana kabisa bei ya kwenda na kurudi na uchukue namba ya dereva, maana kuna kilomita kadhaa katikati ya mashamba ya viazi kabla hujafika msituni na jioni miguu ikiwa imechoka hutataka kuzitembea. Msitu ni wa hifadhi, hivyo ulizia kiingilio na udai risiti. Mwenyeji wa kukuongoza chukua hata kama unajiamini, njia za wakata mianzi zinakatiza hovyo humo ndani na pesa yake inabaki kijijini.

Vaa raba yenye meno au gambuti, beba sweta na koti la mvua hata kama mjini jua linawaka, huku juu ni zaidi ya mita 2,000 na baridi yake haina utani. Maji na chapati zako weka kwenye begi la mgongoni ili mikono yote miwili iwe huru, utaihitaji kushika mizizi.

Sasa msituni ndo pa kwenda polepole. Kupanda ni kama lisaa limoja, ila wewe jipe hata mawili, kuna mianzi, kuna migomba pori mikubwa yenye majani mapana kuliko mgomba wa nyumbani, ndizi zake haziliki, zimejaa mbegu ngumu kama kokoto. Ukisikia matawi yanavunjika juu simama kimya, mara nyingi ni mbega wale weusi wenye manyoya meupe. Halafu angalia vichaka vya pembeni ya njia taratibu, kuna kinyonga wa pembe tatu ambaye anapatikana nyanda za juu kusini tu, duniani kote hayupo pengine, rangi yake ni ya kijani hivyo jicho linamruka, mpaka umwone anavotembea anayumba mbele nyuma kama jani linapigwa na upepo. Usimshike na usimpige fimbo, mwache na tawi lake. Na pale njia ilipochimbika okota kile kijiwe cheupe chepesi chenye vitundu, ukikitumbukiza kwenye kikombe cha maji kinaelea, hiyo ni pumisi, povu la volkano lililoganda. Mlipuko wa mwisho mkubwa wa Ngosi haujafikisha hata miaka 1000, yani kijiolojia ni juzi tu. Ukishakiangalia kirudishe.

Ukifika ukingoni utajua maana ardhi inakatika ghafla, chini kama mita 200 hivi ndo kuna maji, ya kijani, wenyeji wanasema lina umbo la ramani ya Afrika. Ukikuta ukungu USISHUKE, kaa, kula chapati zako, ngoja hata saa nzima, upepo ukigeuka pazia linafunguka dakika chache kisha linajifunga tena, so simu iwe mkononi. Wazee wa huku wanasimulia kuna joka ndani ya ziwa linaloweza kulificha na kulibadilisha rangi, wasikilize kwa heshima.

Kushuka mpaka majini sikushauri kabisa kama huna mwenyeji anayeijua njia, ukuta umesimama na udongo unamomonyoka. Kuogelea ndo sahau, kina kinazidi mita 70, na ukanda huu wote una hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka chini ya ardhi, haina harufu wala rangi na ni nzito, inajikusanya mabondeni. Ukiona ndege au vidudu vimekufa kwenye kishimo usiiname kuchungulia, ondoka upande wa juu. Taka zako zote rudi nazo pia, ziwa halina mto unaotoka, kilichoingia humo kimeingia.

Kama umeongozana na mzazi au watoto ambao mlima hawauwezi, wapeleke Ziwa Masoko, wengine wanaliita Kisiba, mbele ya Tukuyu, nalo ni la volkano ila gari linafika mpaka ukingoni na kuna jengo la zamani la Wajerumani la kuangalia.