Kabla ya Kuagiza Lenzi za Mguso kwa Kutumia Cheti cha Miwani

Mtu aliyevaa miwani kwa miaka mingi, siku anapoamua kujaribu lenzi za mguso, yaani zile zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, mara nyingi hudhani kwamba cheti cha miwani alicho nacho kinatosha. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa vyeti vyote viwili vina namba zinazofanana na pengine vimeandikwa na mtaalamu yuleyule. Hata hivyo cheti cha miwani kinaeleza kiasi cha kuusahihisha mwanga kabla haujafika jichoni, ilhali cheti cha lenzi za mguso kinaeleza pia kifaa kitakachokaa saa nyingi juu ya sehemu hai ya mwili. Ndiyo maana cha kwanza hakiwezi kuchukua nafasi ya cha pili, na anayeagiza lenzi kwa kunakili namba za miwani yake anahatarisha macho yake bila kujua.

Jambo la kwanza la kufahamu ni umbali. Kioo cha miwani hukaa takriban milimita 12 hadi 14 mbele ya konea, ambayo ni sehemu angavu ya mbele ya jicho, lakini lenzi ya mguso huelea juu ya utando wa machozi unaoifunika konea hiyo. Kwa namba ndogo tofauti hiyo haina uzito, lakini kuanzia dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 4 hivi, iwe za kutoa au za kujumlisha, mtaalamu hulazimika kukokotoa upya. Asiyeona mbali ambaye miwani yake ni -6.00, ikiwa vioo vyake viko milimita 12 kutoka kwenye konea, atahitaji lenzi ya mguso ya karibu -5.50, na wa -8.00 atashuka hadi karibu -7.25. Kwa mwenye namba za kujumlisha hali hugeuka: +6.00 ya miwani huwa karibu +6.50 jichoni. Kwa hiyo ukikuta namba za lenzi zako hazilingani na za miwani, usidhani kwamba aliyekupima amekosea.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni umbo la jicho. Cheti cha miwani hakisemi lolote kuhusu umbo hilo. Cheti cha lenzi lazima kitaje mkunjo wa upande wa ndani wa lenzi, unaoandikwa kwa milimita kando ya herufi BC, pamoja na kipenyo chake, kando ya herufi DIA. Lenzi laini nyingi huwa na kipenyo cha karibu milimita 14, na mkunjo wake huwa kati ya milimita 8 na 9. Namba ya mkunjo ikiwa ndogo, lenzi imepinda zaidi. Lenzi inayobana mno hukwama juu ya konea na kuzuia machozi yasipite chini yake, na lenzi iliyolegea huteleza kila unapopepesa, kukwaruza kope na kuufanya uoni uyumbe. Konea haina mishipa ya damu, na sehemu kubwa ya oksijeni yake huitoa hewani kupitia machozi, kwa hiyo lenzi isiyoikaa vizuri si kero tu bali huweza kuidhuru. Kwa sababu hiyohiyo cheti hutaja jina la lenzi na la mtengenezaji: lenzi mbili zenye BC na DIA zilezile huweza kukaa tofauti kabisa kwenye jicho moja, kwa kuwa zimetengenezwa kwa malighafi na muundo tofauti.

Mwenye astigmatizimu, yaani ambaye jicho lake halikunji mwanga sawasawa pande zote, anapaswa kuwa makini zaidi. Miwani yake hutengenezwa kwa hatua za dayopta 0.25 za silinda, yaani nguvu ya ziada inayosahihisha kasoro hiyo, na mhimili (mwelekeo wa silinda) wowote kuanzia digrii 1 hadi 180, ilhali lenzi laini za wenye astigmatizimu kwa kawaida hupatikana kwa hatua kubwa zaidi za silinda, na mihimili yake hupishana kwa digrii 10. Isitoshe, lenzi ya mguso huweza kuzunguka jichoni. Mtengenezaji huiwekea alama ndogo ukingoni, na mtaalamu huitazama alama hiyo kwa darubini yenye mwanga mwembamba ili aone imetulia wapi baada ya kupepesa mara kadhaa. Akikuta imegeuka kwa digrii 10 na kubaki hapo, hurekebisha mhimili kwenye cheti kwa makusudi. Marekebisho hayo hayawezi kukisiwa kwa kusoma cheti cha miwani.

Yapo pia yaliyomo kwenye cheti cha miwani ambayo cheti cha lenzi hakiyahitaji. Umbali kati ya mboni mbili ni mmojawapo, kwa sababu lenzi ya mguso husogea pamoja na jicho. Prizimu, inayowasaidia baadhi ya wanaoona vitu viwiliviwili, kwa kawaida haiwezi kuwekwa kwenye lenzi laini, na mwenye nayo huenda akashauriwa abaki na miwani. Aliyevuka miaka 40 na kuanza kusukuma maandishi mbali ili ayasome atalazimika kuchagua, kwa ushauri, kati ya lenzi za nguvu mchanganyiko, jicho moja kuandaliwa kwa mbali na jingine kwa karibu, au miwani ya kusomea juu ya lenzi za mbali. Asiyeona mbali wa umri huo ajue kwamba kusoma huweza kuwa kugumu zaidi akiwa na lenzi kuliko alivyozoea na miwani, kwa sababu lenzi hulidai jicho juhudi kubwa zaidi ya kuona karibu.

Kabla ya siku ya kupimwa, ikiwa tayari unavaa lenzi, uliza uache kuzivaa kwa muda gani, kwa kuwa hubadilisha umbo la konea kwa muda, na zile ngumu huhitaji siku nyingi zaidi za kupumzisha jicho kuliko laini. Chukua miwani yako ya sasa na maboksi ya lenzi ulizowahi kutumia. Taja dawa unazomeza, hasa za mzio, ambazo huweza kukausha macho, na ueleze kama unafanya kazi kwenye vumbi, moshi au mbele ya kompyuta kutwa nzima.

Usilipie boksi kubwa kabla ya kujaribu lenzi za majaribio, kufundishwa kuzivaa na kuzivua mwenyewe, na kurudi kukaguliwa baada ya siku kadhaa za kuzivaa. Cheti cha mwisho huandikwa baada ya ukaguzi huo. Unapoagiza, linganisha kila namba, ukikumbuka kwamba OD ni jicho la kulia na OS la kushoto, na usikubali kubadilishiwa aina kwa sababu tu iliyoandikwa imekwisha. Lenzi za rangi zisizo na nguvu yoyote nazo zinahitaji kipimo na cheti, kwa kuwa hukaa juu ya konea ileile.

Hakikisha pia miwani yenye namba za sasa ipo, kwani siku jicho litakapokuwa jekundu, likauma, likakataa mwanga au likaona ukungu, itabidi uvue lenzi mara moja na kwenda kwa daktari wa macho nazo zikiwa ndani ya kikasha chake, ili aweze kuzichunguza iwapo kuna maambukizi.