Mwongozo wako useme kuhusu kistari

Ukiandika mwongozo wa programu ya mstari wa amri, mkumbuke mtumiaji mwenye faili linaloitwa -f. Akitaka kulifuta kwa rm (amri ya kufuta faili) na kuandika rm -f, jina hilo litasomwa kama chaguo, yaani maelekezo ya jinsi amri ifanye kazi; faili litabaki palepale bila hata ujumbe wa kosa. Mwonyeshe njia mbili: rm -- -f, ambapo vistari viwili hufunga orodha ya machaguo, au rm ./-f, ambapo ./ humaanisha folda aliyomo. Hii ya pili naipenda zaidi, maana hufanya kazi hata kwa programu isiyoitambua --. Kama yako haiitambui, tafadhali liandike hilo waziwazi (echo, amri ya kuchapisha maneno, kwa mfano, huichapisha tu). Eleza pia kistari kikiwa peke yake: kwa cat, amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili, humaanisha soma ingizo sanifu, yaani kinachoandikwa kwenye kibodi au kinachotoka programu nyingine.