Kabla hujanunua bastola ya mashindano California

Ukiishi California na umeamua kushindana katika mchezo wa shabaha, malipo ndiyo yaje mwisho. Wengi huanza nayo. Mtu anaona bastola ya Pardini au Walther kwenye duka la jimbo jingine kwa bei nzuri, anatuma zaidi ya dola 2,000, ndipo anauliza kama sheria inamruhusu kuipokea. Jibu likiwa hapana, silaha itabaki hukohuko, na kurudishiwa pesa kutategemea masharti na moyo wa muuzaji. Wala usidhani utaendesha gari hadi Nevada ukaichukue mwenyewe. Sheria ya shirikisho inakataza kununua bastola nje ya jimbo lako na kurudi nayo nyumbani. Lazima itumwe kwa duka lenye leseni ndani ya California, na duka hilo ndilo litakalokukabidhi.

Kwanza jua utashindana katika mchezo gani. Mashindano ya mita 25 chini ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, yale yaliyomo Olimpiki, ya wanawake na ya wanaume ya kufyatua kwa haraka, yanataka bastola ya .22LR, aina ya risasi ndogo. Mtutu usizidi milimita 153, uzito usizidi gramu 1,400, na kifyatulio kisiachie kabla ya kubeba gramu 1,000. Vilengeo ni vya chuma vya kawaida, na vya nukta nyekundu, vile vya umeme vinavyoonyesha nukta kwenye kioo, haviruhusiwi. Bullseye, mashindano ya shabaha ya Kimarekani, ni habari nyingine. Inapigwa yadi 50 na yadi 25, shindano kamili lina pointi 2,700 zinazogawanywa kwa bastola za aina tatu hadi .45, na nukta nyekundu ni ruksa. Anayeanza na bullseye anaweza kupata bastola nzuri ya .22 bila kuhangaika sana. Ugumu wenyewe unamkuta anayetaka mita 25 za Olimpiki, na maelezo yanayofuata ni yake hasa.

Tangu 2001, duka la California haliruhusiwi kumuuzia mwananchi wa kawaida bastola mpya isiyokuwa kwenye orodha ya Idara ya Sheria ya jimbo, yaani bastola zilizopita majaribio ya usalama. Mtengenezaji analipa dola 200 kila mwaka ili modeli moja ibaki humo, na akiacha kulipa inaondolewa. Viwanda vidogo vya Ulaya vinavyotengeneza bastola chache za mashindano havina sababu kubwa ya kuingia gharama hizo kwa ajili ya jimbo moja. Bunge la California lililiona hilo, likatoa msamaha kwa bastola zilizoundwa mahususi kwa mashindano ya Olimpiki, na likazitaja moja moja kwa majina: Benelli MP90, Hämmerli 280, Pardini SP, Walther GSP na nyinginezo.

Hapo ndipo watu wanapoteleza. Msamaha unafuata jina na kaliba (kipimo cha risasi) iliyoandikwa kwenye sheria. Bastola inayofanana nayo kwa kila kitu, iliyotoka kiwanda kilekile miaka mingi baadaye ikiwa na jina jipya, usiihesabu kuwa imo mpaka uione imeandikwa. Soma kilichochongwa kwenye fremu, yaani mwili wa bastola, si kilichoandikwa kwenye tangazo. Muuzaji wa mbali anaweza kuandika "GSP" tu huku bastola yenyewe ikiwa na maneno zaidi ubavuni.

Kuna na mlango wa pili, ambao hata baadhi ya wauzaji hawaukumbuki. Itazame Walther GSP kwa makini: magazini yake, kile kisanduku cha risasi, haimo ndani ya mpini, imekaa mbele ya kifyatulio. Muundo huo unapeleka uzito mbele na kutuliza mkono. Lakini sheria ya California ya silaha za kushambulia inaihesabu bastola ya nusu otomatiki yenye magazini inayochomoka iliyo nje ya mpini kuwa silaha ya kushambulia, na kuwa nayo kinyume cha sheria ni kosa la jinai. Sheria hiyo nayo ina msamaha wake kwa bastola za Olimpiki, kwa orodha yake yenyewe. Kwa hiyo bastola yako ipite kote kuwili, na kupita mlango mmoja hakukufungulii wa pili. Naliweka wazi kwa sababu hapa si pesa tu inayopotea, ni rekodi yako na pengine makazi yako Marekani.

Ukipata bastola iliyotumika kwa mwanachama wa klabu anayeishi humohumo California, ile orodha ya kwanza haikubani. Mnakwenda wote wawili dukani, duka linaruhusiwa kutoza dola 10 kwa kazi yake kwa kila silaha pamoja na ada ya jimbo, na subira ya siku 10 ni ileile ya anayenunua dukani. Kwa mwenye mfuko mdogo hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote. Ila sheria ya silaha za kushambulia inabaki palepale, hata muuzaji awe rafiki yako.

Sasa jitazame wewe mwenyewe. Bastola inataka miaka 21. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua. Aliye kwa viza ya muda, ya masomo au kazi, sheria ya shirikisho inamzuia isipokuwa kwa misamaha michache, kama kuwa na leseni hai ya uwindaji, na huyo amwone wakili kabla ya kugusa chochote. Leseni ya udereva ikiwa imeandikwa FEDERAL LIMITS APPLY, utahitaji hati nyingine ya kuonyesha uko kihalali. Beba na bili ya umeme au mkataba wa nyumba kuthibitisha makazi. Fomu ya shirikisho itakuuliza kuhusu bangi, na inaeleza waziwazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho. Kusema uongo kwenye fomu hiyo ni kosa zito kwa nafsi yake.

Cheti cha usalama wa silaha ni dola 25 na kinadumu miaka 5. Mtihani una maswali 30, unafaulu kwa 23. Kisha dukani utaonyesha kuishika bastola ileile unayonunua: unachomoa magazini, unairudisha nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, na kuifunga, unaangalia chemba kwa macho na kuigusa, unaingiza risasi ya mfano na kuitoa, unafunga kufuli. Bastola za mashindano zina vitufe mahali pasipozoeleka, kwa hiyo soma kijitabu chake mapema.

Baada ya karatasi unasubiri siku 10 kamili, saa 240. Usipoichukua ndani ya siku 30 tangu karatasi zitumwe, unaanza upya na unalipa tena. Hesabu ya shindano la kwanza ianzie hapo. Kwenye bajeti weka ada ya jimbo, dola 37.19, na kodi ya asilimia 11 iliyoanza Julai 2024, ambayo maduka mengi yanaisukuma kwa mnunuzi. Magazini zisizidi risasi 10, jambo lisilomsumbua mpiga shabaha anayejaza 5 tu. Safarini bastola iwe tupu, ndani ya kasha lenye kufuli. Droo ya dashibodi haihesabiki kuwa kasha, hata ikiwa na ufunguo.

Kabla ya yote hayo, lipigie simu duka litakalopokea bastola. Wapelekee jina kamili, kaliba na picha ya maandishi ya kwenye fremu, uombe jibu la maandishi. Baadhi ya maduka hayajawahi kushughulikia msamaha wa Olimpiki na yatakataa kwa tahadhari, nayo yana haki. Waulize wapiga shabaha wa klabu ya karibu wanatumia duka gani. Na kama bado huna uhakika na mchezo, anza na bastola ya upepo ya mita 10. Haihesabiki kuwa silaha ya moto, haina subira ya siku 10, na kifyatulio chake cha gramu 500 kitakufundisha kidole haraka kuliko .22 yoyote.