SOMO: Namna ya kumwomba mtu mchango wa asasi bila kutetemeka

Kila wiki kuna kijana ananitumia ujumbe: "Dada, mimi kuomba hela siwezi, naona aibu, wewe unafanyaje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mimi nachangisha kwa ajili ya asasi ndogo ya Kigoma mjini inayowapikia uji watoto wa madarasa ya chini. Somo hili linahusu kuomba ana kwa ana, kwa wafanyabiashara na watu wa kawaida. Andiko la mradi kwa wafadhili wakubwa lina somo lake.

Ukingoja ujasiri uje ndipo uombe, utangoja sana. Wengi wanaotetemeka hawajui vizuri wanaomba shilingi ngapi na ya kazi gani. Akishajua, sauti inakaa sawa.

Hatua ya 1: Karatasi. Nakala ya cheti cha usajili, barua ya utambulisho ya mtendaji wa kata, kitabu cha risiti chenye namba. Bila hivyo usitoke nyumbani.

Hatua ya 2: Hesabu. Ishushe mpaka mtu aione. Yetu iko hivi: watoto 120, unga kilo 6 ni shilingi 13,000, sukari kilo 3 ni 9,000, kuni 3,000, mpishi 5,000. Jumla 30,000 kwa siku, yaani kikombe kimoja ni 250. Wiki ya shule ni 150,000. Mpishi usimfiche. Watu wanaogopa kutaja posho wakidhani wataambiwa hela zinaliwa, lakini mfanyabiashara anajua uji haujipiki. Akigundua mwenyewe baadaye, hapo ndipo unapoharibu.

Hatua ya 3: Anzeni ndani. Wewe na wajumbe wa bodi mtoe kwanza, hata elfu tano tano, ili mkiulizwa "ninyi mmetoa nini?" muwe na jibu.

Hatua ya 4: Muda. Mfanyakazi wa serikali muone akishapata mshahara. Mwenye duka pale Mwanga muone asubuhi kabla wateja hawajajaa. Kwa watu wa mwalo wa Kibirizi, angalia mwezi angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa; mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, mitumbwi inakaa nchi kavu na mwalo mzima hauna mzunguko. Ukienda siku hizo utakataliwa, halafu utadhani ni wewe hujui kuomba. Ni hivyo hivyo Ziwa Tanganyika likifungwa watu wasivue, kama mwaka 2024 lilipofungwa miezi mitatu kuanzia Mei 15. Kipindi kile kumwomba mama wa dagaa ilikuwa ni kumwonea.

Hatua ya 5: Mazoezi. Yaseme yote kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani, pamoja na kiasi.

Hatua ya 6: Taja kiasi, kisha nyamaza. Hapa ndipo wanapoanguka hata wazoefu. Umesalimia, umeeleza, mtu amekusikiliza vizuri, halafu mdomo unakataa kutaja hela. Unaishia kusema "chochote utakachojaliwa", ukiamini hiyo ndiyo adabu. Kumbe umemtwisha yeye mzigo: akitoa elfu mbili anaogopa kuonekana bahili, akitoa laki anaogopa kuonekana anajitangaza. Kwa hiyo anasema "nitakupigia", na hapigi.

Sema hivi: "Mama, naomba utulipie uji wa wiki moja, shilingi 150,000." Halafu funga mdomo. Kimya kile kinauma, najua. Mama atasawazisha dagaa kwenye ndoo, atamrudishia mteja chenji, atatazama ziwani. Anapiga hesabu zake, mwache. Ukidakia "au hata nusu, au hata elfu kumi", umejishusha kabla hajakataa, na hataamini tena kwamba ile 150,000 ilikuwa hesabu ya kweli. Akisema ni nyingi, hapo sasa shuka: "Ya siku moja ni 30,000."

Maonyo kwenye hatua hii, tafadhali myasome:

Usitaje kiasi mbele ya wateja au wafanyakazi wake. Akikubali kwa kuona haya, ahadi hiyo hailipwi, na atakukwepa njiani.

Usipange kiasi kwa kuangalia gari lake. Kiasi kitoke kwenye hesabu ya hatua ya 2.

Usimlize mtu. Habari ya mtoto aliyezimia kwa njaa, kama haikutokea kwenye shule yako, ni uongo. Kigoma tunafahamiana. Itakurudia wewe, na itawarudia hata asasi nyingine ambazo hazina kosa.

Hatua ya 7: Akikataa. Mshukuru, omba ruhusa ya kumletea taarifa baadaye, ondoka. Usimnung'unikie kwa mtu yeyote.

Hatua ya 8: Rudi. Risiti inaandikwa palepale, hata ya shilingi 500. Ndani ya wiki mbili rudi ukamwonyeshe hela ilivyotumika, na siku hiyo usiombe kitu. Wachangishaji wengi huonekana tu wakiwa na shida, ndiyo maana watu wakiwaona wanajifanya wako kwenye simu.

Karibuni maswali.

MASWALI

Kijana wa Katubuka: Mkuu naomba namba za wafadhili wanaotoa hela haraka.

Jibu: Sina. Soma hatua ya 2 na ya 3.

Mnyamwezi halisi: Somo zuri lakini ni refu. Kwa kifupi kiasi nitaje au nisitaje?

Jibu: Taja.

Binti Gungu: Shikamoo dada. Mimi nina miaka 22, na ninaotakiwa kuwaomba ni wazee wa umri wa baba yangu. Kwetu mtoto kumtajia mzee kiasi ni kama kumwamrisha. Nisipotaja nakwama, nikitaja naonekana sina adabu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu ni la kweli, na hii adabu sitaki uitupe. Fanya hivi: kwanza nenda umwombe ushauri, hela bado. "Shikamoo mzee. Tuna kazi hii, wiki moja inagharimu 150,000, tunaomba utuelekeze tuipateje." Kiasi kimeshatajwa, na hujamwagiza. Wazee wengi watakuuliza wenyewe, "Sasa mimi nifanye nini?" Hapo jibu bila kuzunguka: "Mzee, tungeomba utushike mkono kwa siku mbili, 60,000." Kwa mzee mzito zaidi, nenda na mtu mzima wa bodi, yeye aombe, wewe ueleze kazi. Na sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Mtoto wa watu anayetetemeka huku anajua hesabu yake anasikilizwa. Uniambie ilivyokwenda.

Mpita njia: Hizi ni biashara zenu. Wewe unachukua asilimia ngapi kwenye kila mchango?

Jibu: Sichukui asilimia, na asasi yetu haimlipi mtu kwa asilimia. Anayelipwa posho, posho yake imeandikwa kwenye bajeti na imepitishwa na bodi. Siyo sisi tu: kanuni za maadili za AFP, chama cha wachangishaji chenye makao Marekani, zinakataza malipo ya asilimia, kwa sababu mtu akilipwa hivyo ataanza kuwabana watoaji. Vitabu vyetu viko ofisini. Njoo uvisome, nitakuwekea kiti.

Mwana Ujiji: Niongezee kidogo kwa upande wa Waislamu. Ramadhani watu wanatoa sana, lakini msichanganye zaka na sadaka. Zaka ina makundi manane ya wanaostahili kupewa, yaliyotajwa kwenye Qur'ani, Sura ya 9 aya ya 60. Ukimwomba mtu zaka halafu ukalipia pango la ofisi, umemuingiza kwenye matatizo na ibada yake.

Jibu: Ahsante sana kaka, hili watu wengi hawalijui. Sisi tukipewa pesa tunauliza "hii ni zaka au sadaka?" na tunaiandika kwenye risiti. Ikiwa ni zaka tunaomba mwongozo wa imamu kabla haijaguswa. Watoaji wakisikia swali hilo wanatulia.

Mama wa Urambo: Huku kwetu Tabora ni tumbaku. Mkulima akishauza, hela inapitia chama cha msingi cha ushirika na makato ya pembejeo yanatangulia. Mimi huwa siendi siku ya soko. Naenda malipo yakishaingia benki na mtu ameshalipa madeni yake.

Jibu: Mama umenifundisha. Hiyo iingie hatua ya 4 kwa watu wa Tabora. Na anayeahidi siku ya soko unamwandikaje?

Mama wa Urambo: Namwandika kwenye ukurasa wa ahadi, mbali kabisa na wa mapato. Ahadi siipangii matumizi.

Kijana wa Katubuka: Nimerudi dada, nimesoma yote sasa. Mtu akisema hana hela ila anatoa dumu la mawese, nipokee? Sisi tunapika uji tu.

Jibu: Hapo umeuliza vizuri. Pokea. Andika risiti ya kitu chenyewe: "mawese, dumu moja, lita 20", pamoja na bei ya sokoni ya siku hiyo. Kisha mwambie wazi: "Tukiliuza tununue sukari, utaridhia?" Akiridhia andika na hilo, aweke sahihi. Mkiuza, risiti ya mauzo ibanwe nyuma ya ile ya kwanza. Asiporidhia, lipelekeni kwa shule inayopika maharage.

Binti Gungu: Dada, na wanaotuma kwa simu? Natumia namba yangu mwenyewe.

Jibu: Acha leo hii. Mtu akituma akaona jina lako binafsi linatokea, hata kama anakuamini, mke wake au mume wake atauliza. Fungueni Lipa Namba kwa jina la asasi. Nendeni na cheti cha usajili na kitambulisho cha anayesaini. Mpaka ipatikane, waombe watoe taslimu wachukue risiti.