Zamu ya Usiku: Tazama Kwanza Saa ya Kutoka

Mwanamke anapokabidhiwa ratiba ya zamu, macho yake hukimbilia saa ya kuingia, ingawa hatari kubwa imejificha kwenye saa ya kutoka. Muuguzi wa Dar es Salaam anayetoka wodini saa 12 asubuhi huwakuta mama lishe wameshabandika chai na daladala zinapakia, ilhali mhudumu wa baa anayefunga hesabu saa 8 usiku hutoka na kukuta kituo kitupu. Kwa hiyo ombi la kwanza kwa msimamizi liwe zamu imalizike kunapokucha. Likishindikana, mfanyakazi aruhusiwe kubaki ndani hadi alfajiri, katika chumba kinachofungwa kwa ndani na chenye choo cha karibu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Mjamzito hapangiwi usiku miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Lakini piga hesabu: anayelipwa shilingi 2,000 kwa saa atapata nyongeza ya shilingi 800 kwa zamu nzima ya saa nane, fedha ambayo haimfikishi mbali kwa bodaboda. Ndiyo maana usafiri ujadiliwe peke yake, na uandikwe. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaopinga ukatili na unyanyasaji kazini, unaihesabu safari ya kwenda na kurudi kazini kuwa sehemu ya ulimwengu wa kazi, na hoja hiyo inafaa kutajwa mezani.

Gari la wafanyakazi likipatikana, ulizeni mpangilio wa kushusha. Mwanamke asiwe abiria wa mwisho akiwa peke yake na dereva, na gari lisiondoke mpaka geti lake lifunguliwe na yeye aingie. Kwa bodaboda, chagua dereva wa kijiwe mnachokifahamu pale kazini, patana bei mapema, kisha tuma namba ya pikipiki, ile inayoanza na MC, kabla hujapanda. Mtumie mtu aliye macho. Ndugu aliyelala fofofo ataisoma asubuhi. Simu ibakizwe chaji na salio, hata kama zamu ilikuwa ndefu na muziki ulikuwa mtamu.

Bughudha za mteja au za bosi zisisubiri ziwe kubwa: ziandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na saa na majina ya waliokuwepo.

Likitokea shambulio, piga 112 au nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako hutolewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa, na afike hospitali upesi, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mwenzake wa zamu amsindikize, na msimamizi atafute wa kushika nafasi zao wote wawili.